Misalaba ya Honoré

Watu wa Pointe-Basile wana ugonjwa mmoja: hawatupi kitu. Mji wenyewe ni kijiji tu kilichojipa cheo, huko Kanada, kando ya ziwa ambalo kila mwaka huganda likawa uwanja kwa miezi minne. Kanisa moja, duka la mikate, nyumba mia mbili na kitu. Lakini ingia kwenye jumba lao la makumbusho uone. Kuna kengele iliyopasuka mwaka wa moto, kinu cha maji ambacho hakijasaga ngano tangu babu za babu zao, na madawati ya shule yenye majina yaliyochongwa kwa kisu. Kuna soksi moja ya mtoto aliyekufa kwa surua, imewekwa kwenye kabati la kioo, na karatasi ndogo inayosema ilikuwa ya mguu wa kushoto. Mimi na wewe tungeyaita makorokoro. Wao wanayaita urithi, na wanayatunza kuliko wanavyotunza viungo vyao vya mwili.

Annick Ninahazwe alikuwa hajawahi kukanyaga huko, lakini mji ule aliujua kuliko Durban aliyoishi miaka kumi na moja. Kila asubuhi, ghorofa ya tisa South Beach, katika chumba alichogawana na Grâce kwa pazia, aligeuza feni imwelekee usoni, akafungua kompyuta na kuanza kunakili madaftari ya zamani ya Pointe-Basile. Madaftari ya ubatizo, ya duka, ya shule. Jumba la makumbusho lilipiga picha kila ukurasa na kumtumia. Yeye alisoma yale maandishi ya wino, Kifaransa cha watu waliokwisha kufa, na kuyaandika upya ili wajukuu zao, waliokuwa wameshindwa kabisa na miandiko ya mababu, wayasome bila kukunja uso.

Kazi ile aliipata kwa mdogo wake, Pierre-Claver Nimbona. Wasiojua Burundi wasishangae majina: kule ndugu wa tumbo moja kila mtu huwa na jina lake. Nyumbani aliitwa Klaveri. Miaka sita alilinda magari ya watu pale ufukweni, koti la kijani mgongoni, akipungia madereva mkono warudi nyuma polepole, mpaka parokia ya Pointe-Basile ilipomchukua kama mkimbizi wake. Annick ndiye aliyemlea. Vita viliwaacha wawili tu, Bwiza, Bujumbura, Klaveri akiwa na miaka minne na dada yake kumi na minne. Alimfundisha kusoma, kufunga kamba za viatu, na kusema kweli hata ikimletea fimbo.

Kule Kanada Klaveri alipewa kazi ya kuhudumia farasi, na hakupoteza muda. Alimwambia mkuu wa jumba la makumbusho, Madame Rolande, kwamba ana dada aliyesomeshwa na masista na kwamba hakuna mwandiko unaomshinda. Kabla ya hapo Annick alikuwa kiwandani Jacobs, akifunga maboksi kutwa na kukohoa usiku. Na huyu Madame Rolande, lishike vizuri jambo hili, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya parokia inayopokea wakimbizi. Faili la Annick lilikuwa mezani kwake.

Annick alilihitaji faili lile kufa na kupona. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepita muda, na kila akienda kuiongeza aliambiwa rudi mwezi ujao. Mjini kulikuwa na watu wanaosimama mlangoni mwa kliniki kuuliza vitambulisho, na wiki mbili kabla ya haya ninayosimulia walimgeuza akiwa na homa, mbele ya foleni nzima, mmoja akimwambia kwa utaratibu kabisa aende akafie kwao. Alirudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile aliogopa kutoka hata kwenda kununua mkate, na mtu akibisha mlango alikuwa anashtuka.

Basi, kati ya madaftari yale kulikuwa na la Honoré.

Honoré alikuwa mlinzi wa barafu. Zamani, kabla ya barabara, watu wa Pointe-Basile walivuka ziwa wakati wa baridi kwa magari ya farasi yasiyo na magurudumu, yanayoteleza tu juu ya theluji. Theluji ikipeperuka mtu haoni hata pua yake, kwa hiyo kila mwaka Honoré alikata misonobari michanga na kuisimika juu ya barafu, mti baada ya mti, kutoka gatini hadi ng'ambo. Aliyeishika mistari ile ya miti alifika. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na kila mti aliuandikia mstari wake daftarini: namba yake, hatua ngapi kutoka mti uliotangulia, unene wa barafu, na upande uliko mnara wa kanisa. Kando ya baadhi ya mistari alichora msalaba mdogo.

Hapo ndipo Annick alipokosea, na kosa lenyewe asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa mtoto wa masista. Shuleni kwao hukugusa ukurasa mpya kabla ya kuchora msalaba mdogo pembeni. Ilikuwa sala. Ulianza hesabu kwa msalaba, ulianza imla kwa msalaba, na swali likiwa gumu ulichora mwingine kando ya swali lenyewe, Mungu asaidie. Mpaka leo, mwanamke wa miaka arobaini na sita, orodha yake ya sokoni ilikuwa na msalaba pembeni. Kwa hiyo alipoiona misalaba ya Honoré alitabasamu. Alijisemea, huyu mzee tumesoma shule moja. Hakumuuliza mtu. Maelekezo ya kazi yalisema anakili maneno na namba, mapambo ayaache, na kwake sala ya mtu ilikuwa jambo lake na Mungu wake. Akanakili miti yote thelathini na minane, namba kwa namba, bila kosa hata moja. Misalaba akaiacha.

Parokia ilikuwa inatimiza miaka mia na ishirini na tano, na wagonjwa wa urithi walipata wazo. Wataisimika tena miti ya Honoré, palepale alipoisimika yeye, na kuvuka ziwa kama zamani: magari ya farasi, makoti ya manyoya, kofia za mababu. Hesabu za miti zilitoka kwenye nakala ya Annick. Na wa kuongoza gari la kwanza, kwa kura ya kijiji kizima, ni Klaveri. Walitaka urithi wao uongozwe na mgeni waliyempokea. Yeye alipomweleza dada yake kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Mimi, dada! Mlinda magari! Sasa nitalinda magari yasiyo na magurudumu."

Kuvuka kulipangwa Jumamosi. Alhamisi mchana zikaingia picha za mwisho za daftari, zile ambazo mpiga picha alizisahau: jalada la nyuma, upande wa ndani. Annick alizifungua akiwa na kipande cha papai mkononi, hana hili wala lile.

Mwandiko ulikuwa wa Honoré, lakini wa mkono uliochoka. Aliandika kwa ajili ya mtu atakayemrithi kazi. Alisema chini ya ziwa kuna chemchemi, nazo huila barafu kutoka chini huku juu ikibaki nzuri ya kutamanisha. Kipimo kinaweza kukupa inchi kumi na nne, na hatua mbili kando hakuna hata inchi mbili. Mti wenye msalaba, aliandika, nimeusimika kukataza njia, si kuionyesha. Ukifika kwenye misalaba acha mstari, zunguka mbali upande wa kinu. Halafu, chini kabisa: kila msalaba ni mtu niliyemfahamu.

Papai lilimdondoka. Annick alifungua kurasa za zamani, akahesabu. Mti wa ishirini na mbili una msalaba, wa ishirini na tatu pia. Ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita, yote. Katika nakala yake miti hiyo mitano ilikuwa miti kama mingine, imesimama kwenye mstari ulionyooka, ikimwita mtu apite. Kijasho chembamba kilimtoka, na si cha joto la Februari. Alimwona Klaveri na hatamu za farasi mkononi.

Grâce alirudi kutoka saluni jioni, vidole vimemvimba kwa kusuka, akamkuta amekaa gizani. Grâce ni Mkongo wa Uvira, mdomo wake hauna breki, na humpenda Annick kwa kumgombeza. Alisikiliza yote amesimama, mkoba bado begani.

"Basi unangoja nini? Telefone iko hapo. Appelle huyo Madame."

"Kesho jioni kamati inatia sahihi, Grâce. Faili langu. Kesho."

"Na kisha?"

"Nikimwambia leo kwamba nimeharibu kazi yao kubwa, watasema huyu mtu hana makini. Watasema tumwache kwanza. Wakisema tumwache kwanza, mimi nimekwisha. Wao wanavuka Jumamosi. Nitamwambia Jumamosi asubuhi, kabla hawajatoka. Muda upo."

Grâce aliweka mkoba chini. "Eish, Annick. Ule ni ndugu yako iko juu ya maji."

"Wametoboa barafu, wamepima. Klaveri mwenyewe aliniambia. Kila mti wa tano wametoboa, ni nene kama ukuta. Na chemchemi za miaka mia na zaidi huenda zimeshakauka."

"Huenda," alisema Grâce. "Mi minasuka vichwa, sijue mambo ya barafu. Lakini kama banakataa dossier yako, tutaanza ingine. Tutaanza na weye na mimi. Andika leo, mama, nakuomba."

Annick hakuandika. Tusimseme vibaya kupita kiasi, maana alilala na hofu mbili kitanda kimoja, na ile ya kliniki ilikuwa na sura na sauti, ya barafu hajaiona maisha yake. Lakini alijua anachofanya. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakulificha.

Ijumaa ilikuwa ndefu. Alijaribu kunakili daftari la duka akashindwa; alisoma mstari mmoja mara kumi. Mchana Klaveri alimtumia picha: miti imesimama juu ya weupe usio na mwisho, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ikawa nukta. Ilipendeza, na ilimtisha. Kisha Klaveri akapiga simu.

"Umeona dada? Thelathini na minane, nimesimika mwenyewe na wazee wawili. Kila mtu ananiuliza mmejuaje palipokuwa na miti. Nawaambia, hii njia ameisoma dada yangu. Hakuna mwingine aliyeweza. Mzee mmoja alivua kofia!"

Maneno yalimfika Annick kooni. Yalikuwa pale kabisa, manne au matano tu, na angeyasema mambo yote yangekuwa mengine. Lakini alimjua Klaveri. Akimwambia, hatangoja hata dakika. Atatoka mbio kumweleza Madame Rolande, kwa furaha, kwa kweli yake yote, na saa kumi na mbili za jioni kamati itaketi ikiwa na habari hiyo mezani.

"Dada? Uko?"

"Niko," alisema. "Vaa soksi mbili kesho."

Jumamosi aliamshwa na ujumbe wa Madame Rolande, uliotumwa kwake wakati kule bado ni Ijumaa usiku. Wametia sahihi wote saba. Karibu Pointe-Basile, mpendwa Annick, tunakusubiri wewe na macho yako ya dhahabu. Annick aliusoma mara tatu, akalia, akashukuru Mungu. Kisha, uso bado umelowa, akaketi kuandika barua pepe.

Na hiyo barua ndiyo iliyomhukumu. Mtu mwenye haraka angeandika: msivuke, kuna watu watakufa. Annick alifundishwa kwamba mkubwa hajibiwi kwa ukali na anayekufadhili hasumbuliwi bila kwanza kusalimiwa. Juu aliandika Marekebisho madogo. Alianza kwa shukrani, aya nzima. Akafuatisha pongezi za sherehe. Akaomba radhi kwa usumbufu. Katika aya ya nne akaeleza kwamba, akipitia upya jalada la nyuma, ameona maelezo ambayo pengine yangefaa kuangaliwa kabla ya msafara kufika mti wa ishirini na mbili. Akamtakia baraka. Akatuma saa moja asubuhi, na kule walikuwa wamelala.

Saa sita hakukuwa na jibu. Saa nane alipiga simu jumba la makumbusho. Mashine ikamwambia kwa sauti ya furaha kwamba leo wamefunga, wako ziwani. Alipiga simu ya Madame Rolande: inaita, inaita, inakata. Sherehe ilikuwa na masharti, alikumbuka sasa. Kila kitu kiwe kama zamani. Simu zote zimewekwa kwenye kikapu katika ukumbi wa parokia, na Madame Rolande asubuhi nzima alikuwa akifunga vifungo vya gauni la bibi yake, hana habari na barua pepe ya mtu. Ya Klaveri pia ilikuwa haiiti.

Annick aliandika kwenye ukurasa wa parokia mtandaoni. Alimwandikia mwenye duka la mikate. Hakuna aliyejibu, mji mzima ulikuwa umevaa nguo za wafu na kushuka gatini. Grâce alifunga saluni Jumamosi, siku ambayo hakuna msusi anayefunga, akaja kukaa naye. Hakusema nilikuambia. Alimshika tu goti.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, jua la Durban bado likichoma dirisha, simu ililia. Alikuwa Klaveri, kwa video.

Uso wake ulijaa kwenye kioo, ndevu zina barafu, kofia ya manyoya imemkaa upande. "Dada! Nimeificha kwenye koti, wasinione. Niliahidi nitakuonyesha. Tazama!" Akageuza simu. Annick aliona masikio ya farasi yakitoa mvuke, na mbele yao weupe, na miti.

"Klaveri, simama. Simamisha farasi. Uko mti wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa, sasa hivi wa ishirini. Kuna nini?"

"Simama, nakuambia!"

Alisimama. Sauti ya dada yake ile aliijua tangu Bwiza, tangu wamelala chini ya kitanda risasi zikipita. Kengele za farasi zikanyamaza, na nyuma yake, moja baada ya nyingine, za magari mengine. Annick akamweleza kwa pumzi moja: misalaba, mwandiko uliochoka wa jalada la nyuma, chemchemi, miti mitano ya kukataza, njia ni kuzunguka upande wa kinu. Klaveri alisikiliza mdomo wazi.

Halafu akauliza. "Ulijua lini?"

Grâce alimtazama. Annick hakumtazama Grâce.

"Leo," alisema. "Leo asubuhi. Sasa hivi tu."

Klaveri alivuta hewa. Uso wake ulilegea kidogo, na Annick alimwona akianza kupima. "Leo asubuhi, haraka haraka, na mwandiko wenyewe unasema ni mbaya. Una hakika umesoma vizuri? Dada, hapa tumepima. Nyuma yangu kuna watu arobaini, kuna vikongwe, kuna mtu ana miaka tisini na moja amesema anataka kuvuka kabla hajafa. Nikiwageuza bure..."

"Wageuze."

"Mimi ni mgeni wao. Siwezi kuwageuza kwa labda." Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, ndivyo alivyolelewa: asiwadanganye hawa, asimdharau yule. "Basi hivi. Wao wabaki hapa, mtu asisogee. Mimi nichukue mtaimbo, nitangulie kwa miguu, niigonge barafu hadi mti wa ishirini na mbili. Ikilia vibaya tunazunguka. Ikilia vizuri, tunapita, na wewe unalala usingizi."

"Klaveri, hapana. Usiende. Nimesoma vizuri, nimesoma mara nyingi..."

"Leo asubuhi?" alisema, na akatabasamu, akidhani anamtuliza.

Alishuka. Simu ikapita mikono, ikatokea uso wa Madame Rolande chini ya kofia ya utepe, mashavu mekundu, amestaajabu. Pierre-Claver anasema kuna shida na ramani? Annick alianza kumweleza kwa Kifaransa, adabu zote zimemtoka sasa, anapiga kelele, mwambie arudi, Madame, mrudishe, mrudishe. Madame Rolande aligeuka kumwita. Simu mkononi mwake ilitazama theluji, gauni, theluji.

Annick aliusikia mtaimbo. Ko. Ko. Ko. Sauti nzito, ya kitu kigumu, na kila ilipolia vizuri aliona aibu na tumaini kwa pamoja. Ko. Mtu nyuma alicheka, mtu akapiga makofi kufukuza baridi. Ko. Ko.

Kisha mtaimbo haukulia tena.

Hakukuwa na kishindo. Watu walipiga yowe, farasi wakavurugika, na simu ikaanguka ikitazama juu. Dakika kumi na moja Annick na Grâce walitazama mbingu ya Kanada, nyeupe, huku watu wasioonekana wakiitana kamba, kamba, lete ngazi, usisogee, lala chini. Hakuna aliyetaja jina la Klaveri kama mtu anavyomtaja aliyemwona. Kisha betri ikaisha.

Saa saba usiku, kule giza likiwa limeingia, Madame Rolande alipiga kwa simu ya nyumbani kwake. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Alisema hakujua aanzie wapi. Barafu ilifunguka kati ya mti wa ishirini na moja na wa ishirini na mbili, hatua sita upana wake, na mzee wa zimamoto alisema gari la kwanza lingeingia lote, na la pili juu yake, na watoto wanane walikuwa kwenye hilo la pili. Wapiga mbizi walishuka mara mbili. Wameacha kwa sababu ya giza. Watarudi asubuhi, lakini hakutaka kumdanganya.

"Umetuokoa, Annick," alisema. "Wewe na yeye. Watu wote hapa wanajua. Wako kanisani sasa hivi, wanawaombea. Na faili lako usilihangaikie. Jumatatu nitawapigia Ottawa mwenyewe. Utakuja kumzika, na utakaa kwetu, na hakuna atakayekuuliza kitu maisha yako yote."

Grâce alikuwa amemkumbatia kwa nyuma. Alihisi mwili wa mwenzake ukikauka, kisha akasikia anavuta pumzi, na akajua anachokwenda kusema. Hakumzuia.

"Madame," alisema Annick, "nilijua tangu Alhamisi."

Simu ilikuwa safi kiasi kwamba alisikia saa ya ukutani kwa Madame Rolande.

"Umesema nini?"

"Picha ya jalada ilinifikia Alhamisi mchana. Niliielewa palepale. Nilingoja mtie sahihi."

Madame Rolande hakupiga kelele. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, isiyo na upole wala hasira.

"Na yeye? Alijua?"

"Hapana," alisema Annick. "Aliniuliza. Nilimwambia ni leo asubuhi."